Msalaba Pembeni mwa Jina

Ofisi ya parokia hapa ugenini, Malvern, ina hita ya mafuta ya taa, na harufu yake ni ile ile ya kabati la vitabu vya ubatizo kule kwetu. Katekista alikuwa akiipaka miguu ya kabati lile mafuta ya taa ili mchwa wasipande.

Mama alinipeleka kwake kabla sijaanza shule. Shule ya misheni haikupokea mtoto asiye na kadi ya ubatizo, nami sikuwa nimebatizwa. Dada yangu alipokufa, baba alikataa tukanyage tena kanisani. Katekista alifungua kitabu, akateremsha kidole mpaka kwenye jina la dada.

"Ndiye huyu," mama alisema, akanisukuma mbele.

Katekista ndiye aliyeongoza mazishi ya dada. Alinitazama, akatazama viatu vya mama, kisha akafunika kwa kidole gumba msalaba mdogo mwekundu pembeni mwa jina, alama ya waliokufa. Akaniandikia kadi.

Tulipotoka nje, mama aliniita kwa jina lile mara mbili. Niliitika mara ya pili.

Leo nimekuja kumwandikisha binti yangu abatizwe. Karani, mama wa Kikongo, ametumiwa kwa simu picha ya ukurasa ule kutoka kwetu, kuthibitisha ubatizo wangu.

"Mama, jina lako nimeliona," anasema. "Lakini huu msalaba ni wa nini?"

Ananipa simu. Naweka kidole gumba juu ya msalaba. Picha inateleza, na msalaba unatokeza tena.