Aliyejiandika wa Mwisho

Nilikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, simu ilipolia. Aliyepiga ni mwalimu mwenzangu wa zamani. "Fundi wetu ametuacha," akasema. "Amefariki leo asubuhi, hospitalini." Kinyozi alizima mashine akaningoja. Nilimwambia aendelee, kisha nikalia mbele ya kioo chake bila kuona haya. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba kabla sijaanza kula kwa kalamu, nilifundisha katika chuo kimoja hapa Nakuru. Marehemu ndiye aliyesimamia ukarabati wa majengo ya chuo hicho. Sikuwahi kufika kwake mtaani Kaptembwo, wala yeye hakuwahi kufika kwangu. Kilichotukutanisha ni orodha. Kila mwaka alileta mbele ya kamati orodha ya majengo yaliyohitaji kutengenezwa, lipi lianze na lipi lifuate, nami nikiwa katibu nikaiandika kwenye kumbukumbu za mkutano.

Majengo yetu yalikuwa makuukuu, na orodha siku zote ilizidi uwezo wa chuo. Kila mkuu wa idara alitaka lake liwe la kwanza. Fundi hakubishana na mtu. Alizunguka chuo na daftari mfukoni, akitazama watu zaidi ya alivyotazama kuta. Mwaka mmoja mkuu wa chuo alitaka lango kuu lipakwe rangi kabla ya mahafali. Fundi akasimama, kofia mkononi.

"Lango linaweza kungoja, Mkuu. Milango ya bafu kule bweni la wasichana haina komeo."

"Komeo ni kitu kidogo, mzee."

"Ni kidogo, ndiyo. Lakini hao wasichana wanaenda kuoga wawili wawili. Mmoja anaoga, mwingine anashikilia mlango. Wakati wa mtihani utamwona huyo wa mlango amebeba kitabu, anasoma akiwa amesimama."

Wengi wetu tulikuwa tumepita karibu na bweni hilo kwa miaka, na hatukuwa tumeona kitu. Makomeo yalitiwa wiki hiyo hiyo. Mahafali yakafanyika na lango letu lililochujuka, na sikumsikia mzazi hata mmoja akilalamika.

Kazi iliyomchukua muda mrefu zaidi ilikuwa ya mapaa. Karibu chuo kizima kilikuwa kimeezekwa kwa asbesto, na tulipokuja kuelewa kwamba vumbi lake huharibu mapafu, ilibidi paa baada ya paa liondolewe, mwaka baada ya mwaka. Alianza na mabweni, yakafuata madarasa, halafu jiko, kisha ofisi zetu. Mwisho kabisa wa orodha aliandika karakana, pale yeye na mafundi wenzake waliposhinda kutwa wakiranda mbao na kuchomelea vyuma. Paa lake ndilo lililokuwa bovu kuliko yote. Upepo wa kiangazi ukivuma, unga mweupe ulishuka mpaka kwenye vikombe vyao vya chai. "Vijana bado wana miaka mingi ya kupumua," alituambia. "Sisi tutangoja." Tulimpigia makofi. Mkuu alisema huo ndio uongozi, nami nikaliandika neno hilo.

Ikafika mwaka ambao mapaa mengine yote yalikuwa yamekwisha, na mabati mapya yakabaki. Mkuu akapendekeza yatumike kuezeka banda la magari ya wageni. Wajumbe wakaunga mkono. Nilimwona fundi akiinamia karatasi yake kwa muda, kama mtu aliyepoteza mstari aliokuwa akisoma. Kisha akasema, "Sawa." Niliandika: karakana isubiri. Sikuhitaji hata kufikiri, kwa maana maneno hayo hayo nilikuwa nimeyanakili kutoka mwaka uliotangulia, na ule wa kabla yake. Tulikuwa tumezoea adabu yake hata tukaihesabu kuwa ridhaa.

Kikohozi kilianza akiwa bado kazini. Alipostaafu, alikuwa hapandi ngazi bila kupumzika katikati. Madaktari walisema ni mapafu, na zaidi ya hapo sina elimu ya kusema. Tulimzika kijijini Ndabibi, kwenye kipande cha shamba alichokuwa amekitayarisha kwa uzee wake. Mjane wake alikuja na kikombe cha chai mpaka nilipokuwa nimeketi.

"Wewe ndiye yule mwalimu wa kuandika mikutano?"

"Ndiye mimi, mama. Pole sana."

"Asante. Alikuwa anakutaja. Kila mwaka akienda huo mkutano ananiambia, leo labda mmoja wao ataniuliza, na nyinyi mafundi je? Jioni akirudi namuuliza, wamekuuliza? Anasema, bado."

Hakuniambia kwa hasira. Alikuwa akinieleza tu jinsi mumewe alivyokuwa, kama mtu anavyomweleza mgeni, kisha akaniuliza kama sukari inatosha. Nilisema inatosha. Nilishindwa kumwambia kwamba swali hilo lilinijia siku ile ya mabati, likafika hadi ulimini, na nikalimeza kwa sababu saa ya chakula cha mchana ilikuwa imewadia.

Juzi nilikwenda chuoni kumwona mkuu wa sasa, nikamkuta hayupo, nikaacha barua kuhusu paa la karakana. Nilipita karakana. Mafundi walikuwa kazini chini ya paa lile lile, na mmoja wao, mwanamume wa makamo, alifuta benchi kwa kiganja ili niketi. Nilimuuliza kifua chake kikoje. Alinitazama kwanza, akastaajabu, kisha akaweka randa chini akaanza kunieleza, na maelezo yake yakawa marefu. Wasomaji wangu, nanyi mnakaa kwenye kamati, za shule, za kanisa, za mtaa. Mkimwona mtu amejiandika wa mwisho, msimpigie makofi. Muulizeni anaumwa wapi, na jibu lake la kwanza msilikubali.