Likizo ya Mkata Nguo

Zamani kiwanda chetu cha sare kilipofungwa tulipumzika sote. Siku hizi kila mtu ana likizo yake mwenyewe, na kuna mmoja ambaye sijamwona akipumzika.

Tulikuwa watu wachache katika chumba kimoja kirefu, cherehani zimepangwa kando ya ukuta, na katikati meza ya kukatia. Meza hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu, tuliyemwita Mkasi. Yeye alikata vitambaa vya mashati, sketi na kaptura za wanafunzi, sisi tukashona. Yeye alikuwa na mshahara wa mwezi. Sisi tulilipwa kwa kila nguo iliyokamilika. Mkasi asipokata, cherehani zote zinanyamaza.

Tajiri wetu wa kwanza hakusoma sana. Shule zikishafunguliwa na wateja wakipungua, alitia kufuli mlangoni, akatupa nauli, akasema, "Nendeni kwenu. Atakayenionyesha uso hapa kabla sijafungua, kazi hana." Mkasi na mkewe walikwenda kwa binti yao aliyeolewa mbali, wakakaa na wajukuu. Akirudi, masikio yetu hayakupumua: mjukuu kang'oka jino, mjukuu kamkojolea babu yake. Tulimtania mpaka tukachoka, naye hakuchoka kusimulia.

Tajiri alipofariki, binti yake akashika kazi. Si mtu mbaya, sitamsingizia. Alitukalisha juu ya majora ya vitambaa akasema, "Sitaki kuwaamulia. Tuendelee kufunga wote kama enzi za baba, au kila mmoja achukue likizo yake, yenye malipo, wakati anaoutaka mwenyewe?"

Vijana wakapiga makofi kabla hajamaliza. Mkasi akainua mkono.

"Mwanangu, mimi nikiondoka, hawa watashona nini?"

"Utawakatia za kutosha kabla hujaenda, baba."

"Na mteja akija na vipimo vingine?"

Mshona vifungo, mama wa watoto wanne, akadakia, "Jamani! Mzee huyu anadhani akilala yeye, jua nalo linalala!"

Tukacheka, naye akacheka. Tukapiga kura. Waliotaka mlango ufungwe tulikuwa wawili, yeye na mimi.

Mwaka ule alikata rundo refu kama mtu, akaenda kwa binti yake. Hakuwa amefika mbali, shule iliyoagiza sare hizo ikabadilisha rangi. Rundo lote likawa halifai. Tukakaa tunatazamana, tunapaka mafuta cherehani ambazo hazikuwa na kiu. Aliporudi hakuna aliyemlaumu. Mshona vifungo tu alimkaribisha kwa heshima zote: "Shikamoo, baba. Pole na safari. Na sisi tulikuwa likizo, ila yetu haikuwa na malipo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wala Mkasi hakusimulia habari za wajukuu.

Kuanzia hapo kila akiulizwa aliahirisha. Mkewe akawa anakwenda peke yake. Binti wa tajiri alimsihi, "Baba, hizo siku ni haki yako, nenda!" Akamletea mwanafunzi wa kukata nguo, mtu yule alipojua kukata, akaenda kufungua kiwanda chake. Nilimshauri Mkasi tuitishe kura upya. Akaniambia, "Ndugu yangu, nani atakubali? Wao wanapumzika vizuri." Na kweli, mshonaji mmoja akiondoka, wenzake hugawana kazi yake. Uhuru ule ulimtosha kila mtu isipokuwa yule aliyewakatia wengine. Tajiri asiyesoma alilijua hilo bila kutuuliza, na sisi tuliosoma tukalipigia kura.

Mimi niliacha kazi macho yalipochoka. Siku moja nikapita pale. Mke wa Mkasi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, amevaa nguo za safari, begi kati ya miguu yake.

"Shemeji, mbona hapa?"

"Leo tunakwenda wote," akasema. "Likizo yake imeanza asubuhi. Anamalizia kola tu."

Nikakaa naye. Ndani mkasi ulikuwa unakula kitambaa. Tukaongea habari za magoti, za bei ya vitu, za mjukuu ambaye sasa alikuwa na ndevu. Mshona vifungo akachungulia, akamwona, akarudi ndani. Jua likahamia upande wetu wa benchi. Basi likapita barabara kuu. Tulilisikia sote wawili. Hatimaye mama yule akasimama, akajikung'uta sketi.

"Baba watoto," akaita dirishani, "mimi natangulia."

Mkasi akatoka mbio, futi ya kupimia shingoni. Akamtazama mkewe, akatazama ndani, ambako watu walikuwa wameinua vichwa kutoka kwenye cherehani. Akachukua begi, akalitia begani, wakaenda sambamba hadi kona ya barabara. Pale akasimama. Akamkabidhi begi lake, akamrekebishia mkanda wa begani, polepole, kama anayemvisha mteja. Kisha akageuka, akarudi kazini.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona pamoja.