Mchanga Ulioachwa Wazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo naikumbuka bila kujitahidi. Nilikuwa msichana, najifunza kupiga picha Majengo, mjini Moshi, kwenye studio ya Mzee Shabani. Nilikuwa nimeteremka kutoka Kirua, kule mlimani, na kiburi cha kutosha.

Watu wa mlimani wakija studio walipenda waonekane wako ufukweni. Wengi wao bahari hawakuwahi kuiona. Pazia letu la ukutani lilikuwa la kuchorwa kwa rangi, na lilishachakaa hata mawimbi yakawa ya kijivu. Basi Mzee Shabani akanituma Tanga, kwa shangazi yangu, nikapige picha ya ufukwe ambayo angeikuza ienee ukuta mzima.

Nilikwenda. Alfajiri nikasimama mchangani, nikangoja jua. Lilipochomoza kutoka majini, jekundu, nikalielekezea kamera moja kwa moja. Nikaweka na mnazi katikati, ili pasikosekane kitu. Nilirudi Moshi najiona fundi.

Picha ziliposafishwa, Mzee Shabani aliitazama ile ya jua na mnazi. Kisha akachukua mkasi, akakata karatasi umbo la mtu mdogo, akaliweka juu ya picha.

"Manka, huyu ni mteja. Niambie unamwonaje."

Nikatazama. Mnazi ulikuwa umeota utosini mwake. Mstari wa bahari, pale maji yanapokutana na mbingu, ulimpita shingoni kama kisu. Na jua lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo mtu wa kweli angesimama pale na uso mweusi, au tungemmulika kwa taa zetu akaonekana amebandikwa.

"Lakini ni nzuri, mzee," nikasema.

"Nzuri sana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mama wa watu anatoka mlimani amevaa kitenge chake kipya, nawe umeshajaza kila mahali. Asimame wapi?"

Hakupaza sauti. Mzee yule hakuwa mtu wa kupaza sauti, na pengine ndiyo maana maneno yake yalikaa. Nilinuna, nakwambia kweli. Hata hivyo nilirudi Tanga.

Safari hii niliacha jua lipande kidogo. Nikaugeuzia mnazi mgongo, nikatazama kusini kwa kufuata pwani, jua likiwa kwenye bega langu la kushoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikapiga goti mchangani, na mstari wa bahari ukashuka. Mbele nikaacha mchanga mtupu. Nilipoiona picha baada ya kusafishwa, nilidhani nimepiga picha ya kitu ambacho hakipo. Mzee Shabani akaweka tena mtu wake wa karatasi, kisha akaipeleka ikakuzwe.

Siku moja, pazia jipya likiwa limeshatundikwa, akaja Mama Ndeshi, mkulima wa kahawa wa kule kwetu Kirua, na mumewe. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja, wanawe wakamwingiza kwa kumbeba. Tangu ujana alimwahidi mkewe kumpeleka baharini. Kwanza kulikuwa na watoto, halafu ng'ombe, halafu ugonjwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Maneno yalimtoka kwa shida. Akaitazama bahari ya ukutani. "Maji yanajaa au yanakupwa?"

"Yanakupwa, mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Tukamweka kwenye kiti, pale mchanga ulipokuwa wazi. Mzee Shabani akaihamishia taa kushoto, ifuate jua la picha. Mama Ndeshi akataka kwenda kusimama kando ya mumewe, akasita, akainama, akavua viatu. Akasimama pekupeku juu ya sakafu yetu ya saruji. Hakuna aliyecheka. Nikabonyeza.

Miezi ikapita. Mama Ndeshi akarudi peke yake, amejifunga kitambaa cheusi, akaomba nakala nyingine. Nikampa pole ya kufiwa na mumewe.

"Wajukuu wananiuliza mimi na babu yao tulikwenda lini baharini," akasema.

"Umewajibuje, mama?"

"Nimewaambia tulikwenda asubuhi, kabla jua halijawa kali."

Akaifunga picha ndani ya kanga yake, akaenda zake.

Mwanangu, leo una simu yenye kamera, na Jumamosi mnakwenda ufukweni na wenzako. Sikukatazi kitu. Nakuomba tu uwahi asubuhi, kwani hata mlima wetu hujionyesha mapema, jua likipanda unajifunika. Jua liweke begani kwako. Mstari wa bahari usilale upande, wala usimpite mtu shingoni. Piga goti, nguo zitafuliwa. Na usijaze kila kitu kwa kuogopa utupu. Utajenga nyumba, utaanzisha familia, pengine utaongoza watu. Huko kote acha mahali ambapo mwingine anaweza kusimama akaonekana vizuri. Anayetaka kuonekana peke yake hupata anachotaka, kisha hubaki nacho peke yake.

Ruwa, Mungu wa baba zetu, akupe macho yanayoona watu kwanza. Akupe mkono usiotetemeka, na akujalie wa kusimama kando yako mpaka uzee. Nenda kwa amani.