Wastani Hajafika Kisimani

Nimeletewa habari kuwa yule mwalimu aliyetufundisha ngumbaru pale Munje amefariki kwao Samburu, na wameshamzika. Mimi sikwenda, miguu hii haipandi basi tena. Wala hatukuwa marafiki hasa. Alinifundisha hesabu kidogo, miaka ile bendera yetu ingali mpya na watu wazima, hata waliokwisha kupata wajukuu, walihimizwa waketi darasani. Darasa lenyewe lilikuwa magogo ya minazi, lakini hayo tuyaache.

Alasiri moja alitufundisha wastani. Alitutuma tupime visima vyetu vitano kwa pima za mikono: vitatu vya upande wa pwani vilikuwa pima mbili mbili hadi majini, cha msikitini tatu, na cha bibi mmoja aliyekaa peke yake kule juu kwenye mawe, kumi na moja. Kamba ya bibi ilikuwa imeoza, akawa anashuka kuteka kwetu, ndoo kichwani, akipumzika kila penye kivuli. Tukajumlisha, tukagawanya kwa tano, tukapata pima nne. Neno lilitupendeza. Kwetu kitu cha wastani ni kitu cha adabu, hakikuzidi wala hakikupungua. Basi mwalimu akaenda kwao kumwona mamake, na nyuma yake ikaja kamba ya katani ya msaada, pima ishirini. Mwenyekiti wa darasa, mchinjaji kwa kazi yake, akatoa kisu.

“Tumesoma au hatukusoma?”

“Tumesoma!”

Akakata vipande vitano, nne nne. Tukapiga makofi. Kilichozidi kwangu nilifungia mbuzi.

Mwalimu aliporudi, bibi akamfuata darasani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Huyu Wastani wenu ni mtoto wa nani?” Tukaangua kicheko. “Mwacheka nini? Nimeambiwa kaniletea kamba. Nami nikichungulia, ndoo inaning'inia kama popo. Kisimani kwangu hajafika huyo!”

Mwenyekiti akajitetea kuwa kila mtu amepata sawa na mwenziwe. Mwalimu hakumgombeza. Aliuliza tu, “Kisima gani hapa kina pima nne?” Hapakuwa na hata kimoja. Akatuambia tuvipange kuanzia kifupi: cha katikati kikawa pima mbili, na kipimo kinachojirudia zaidi, mbili vilevile. Kisha akatutaka tutoe kifupi kwenye kirefu. Tisa. “Mlishika nne mkaisahau tisa,” akasema. “Na hiyo tisa ndiyo inayomshusha bibi na ndoo.”

Nikamfungua mbuzi. Wa pwani tulirudisha pima mbili mbili, msikiti ukatoa moja, vikaungwa na kipande cha bibi, zikatimia kumi na moja. Mafundo yalikula kidogo, tukaongeza kwa kamba ya makumbi ya nazi. Bibi akavuta ndoo ya kwanza, akaonja, akatutazama. “Haya, amefika. Ila kaja na manundu.”

Nasikia mazikoni mzee mmoja alimsifu marehemu kuwa alikuwa mtu wa wastani. Si sifa mbaya, kwetu. Lakini redio ikitangaza kuwa mvua mwaka huu ni ya wastani, na hapa nyumbani wakashukuru, mimi sishukuru bado. Nataka kujua nani anakaa kule juu kwenye mawe, na kamba yake inaishia wapi.