Binti Yangu na Chuo Namba Moja

Wiki iliyopita nilifanya upumbavu, tena kwa kujiamini kabisa. Binti yangu Neema anataka kusomea ufugaji wa nyuki, maana mizinga ya babu yake kule Kagerankanda ndiyo iliyomsomesha. Mimi, mtu wa kidato cha nne nisiyevuka stendi ya Kasulu bila sababu, nikaona kwenye simu orodha ya vyuo bora. Nikaapa mwanangu ataingia namba moja, akikosa, namba mbili.

"Baba, kwanza tuangalie kozi," akasema Neema.

"Bora ni bora tu!" nikamkatiza.

Siku ya mwisho ya maombi ya vyuo tukaenda steshenari. Nikamsomea dada wa kompyuta vyuo vitano vya juu, kwa mpangilio uleule. Jirani yetu Mama Irakoze, aliyekuja kutoa kopi, akauliza, "Ufugaji wa nyuki unafundishwa chuo kipi hapo?"

Dada akatafuta kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja. Neema akainama.

"Lakini vyote viko juu!" nikang'ang'ania.

Mama Irakoze akanikazia macho. "Baba Neema, hiyo orodha umeisoma kama msimamo wa ligi. Mtoto haendi kushangilia, anaenda kusoma."