Fundo la Kubembeleza

Asubuhi ile ya mapinduzi habari za mjini zilikuwa hazijatufika shamba. Nilikuwa na miaka minane, nimekaa barazani, mama ananifunza kutoboa vitobo vya kofia. Mbuzi wetu Bi Harusi, tuliyemwita hivyo kwa baka jeupe kichwani kama shela, akaja taratibu akatafuna kofia ya watu.

"Kamfunge huyo," mama alisema. "Na liwe fundo la kufunga, si la kubembeleza."

Nikamfunga kwenye mlimau. Fundo lilikaza vizuri, nikajisifu.

Kabla ya adhuhuri bunduki zikalia. Jirani akaja mbio, hana viatu.

"Tokeni. Wanakuja na njia ya minazini."

Tulitokea mlango wa uani. Bi Harusi alikuwa akilia.

"Mama, mbuzi."

"Tutarudi magharibi."

Hatukurudi. Baba alikuwa mjini, hatukumwona tena. Najua mwenye akili angemlilia baba, akamwacha mbuzi. Baba namlilia mpaka leo. Lakini baba sikumfunga mimi.

Sasa nimezeeka hapa Ibra, ng'ambo ya bahari tulikokimbilia, na bado nashona kofia, wenyeji wanaziita kumma. Kofia ni ya kusalia, haitiwi sura ya mnyama. Kwa hiyo mimi natia kwato: vialama viwili vidogo, bega kwa bega, kuzunguka kofia nzima. Wateja hudhani ni punje za kahawa, huzisifu, nami nawaitikia.

Juzi mjukuu wangu Asma alinirudishia moja.

"Shikamoo, Bibi. Yule mteja anasema kofia yake inafumuka. Uzi huu hujafunga. Umesahau?"

"Marahaba. Sikusahau."

"Wallahi, Bibi, kila kofia?"

"Kila kofia, uzi mmoja."

Nilimweleza, mara ya kwanza kumweleza mtu. Mlimau, kamba, na fundo nililojisifia. Nilimwambia linaloniuma: kama ningelilegeza, angelivuta kidogo akaenda zake. Asma alichukua sindano.

"Lakini mteja anataka kofia yake, Bibi. Nifunge vipi?"

Nilimwonyesha. Unazungusha mara moja, unaacha kitanzi, hukazi. Likikaa, linashika. Ukilivuta kidogo, linafunguka.

"Linaitwaje hili?"

"La kubembeleza," nikasema. "Ndilo ningelimfungia."