Mshale wa Mwalimu Yotham

Mwalimu Yotham Ndahani hakumruhusu mwanafunzi yeyote kushika kalamu kabla hajasema. Umeleta swali la hesabu za chuo kikuu, limejaa alama za Kigiriki juu hadi chini. Kwake unaliweka pembeni, unakunja mikono, unamweleza kwa Kiswahili kile unachotaka kuthibitisha, kama unavyomwelekeza mgeni njia ya kisimani. Ukikwama, hujaelewa. "Sema kwanza," ndilo lilikuwa neno lake. Wanafunzi walimwita Mzee Sema Kwanza. Alijua, na hakuchukia.

Chumba chake cha kufundishia kiko nyuma ya steshenari yangu hapa Ng'ong'ona, Dodoma. Ukuta unaotutenganisha haufiki darini, kwa hiyo kwa miaka tisa nimesikia karibu kila alichofundisha. Mimi niliishia kidato cha nne. Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kubana vitabu. Notsi zake zote nilizichapa mimi kutoka kwenye mwandiko wake, na sharti lake lilikuwa moja tu: "Mama Raphael, usibadilishe hata mshale."

Alizaliwa Mpwapwa. Baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe. Yotham alikuwa wa kwanza kijijini kwao kwenda chuo kikuu kusoma hesabu. Akafika mwaka wa tatu, akafeli somo moja, akarudia, akafeli tena, akaondolewa. Somo lenyewe ni nadharia ya ukokotozi, lile linalouliza ni matatizo gani ambayo kompyuta haiwezi kuyatatua hata ukiipa muda wote wa dunia. Habari ya kuondolewa kwake aliisimulia kwa maneno yale yale kila mara: mhadhiri alimchukia. "Alipiga mstari mwekundu juu ya mshale wangu kwenye karatasi ya mtihani, basi. Hakuandika hata neno moja." Baada ya hapo alifundisha sekondari mpaka nywele zikaanza mvi, kisha wanafunzi wa vyuo walipojaa Dodoma akapanga chumba kwangu.

Waliomjia ni wenye sapu, yaani waliofeli mtihani na kungoja kuurudia. Ukifeli sapu ya mwisho unadisko, unafungasha virago. Kwa hiyo waliingia kwake wakiwa wamenyong'onyea, na wengi walitoka wakitembea vizuri.

Mmoja wao alikuwa Shamimu, binti wa Mzee Mbwana, mfanyabiashara wa nafaka pale Majengo, watu wa Kondoa. Alikuja miaka saba iliyopita na sapu mbili. Mwalimu alimwanzia mbali: "Una mbuzi sita na mazizi matano. Kila mbuzi lazima alale zizini. Niambie kitu ambacho huwezi kukikwepa." Shamimu akafikiri, akasema, "Kuna zizi litakalolala mbuzi zaidi ya mmoja." "Umeshathibitisha. Sasa shika kalamu." Nilimsikia binti yule akicheka, na nadhani ndiyo siku aliyoacha kuziogopa hesabu. Alifaulu sapu zote mbili, akamaliza digrii kwa alama za juu, akasoma ya pili, akapata kazi ya kusaidia kufundisha chuoni. Mwalimu alimtaja kwa kila mtu. Alikuwa akisema "Shamimu wangu."

Hilo lilikoma mwaka juzi, Shamimu alipoanza kufundisha wenye sapu siku za Jumamosi, ghorofani kwenye ghala la baba yake.

Habari ililetwa na mwanafunzi aitwaye Hamza, ambaye hakujua anachokifanya. Alikuja na simu, akasema, "Mwalimu, kuna dada anafundisha kama wewe! Sikiliza." Simu ikasema kwa sauti ya Shamimu: "Msishike kalamu. Semeni kwanza. Mna mbuzi sita..."

Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. "Hao ni mbuzi wangu," akasema.

"Mbuzi tu, mwalimu," Hamza akacheka. "Si wapo wengi Dodoma?"

"Zima hiyo simu."

Tangu siku hiyo alibadilika. Wanafunzi wa Shamimu nao walileta notsi zake kwangu kutoa kopi, maana steshenari yangu iko jirani na vyumba wanavyopanga. Mwalimu akawa anapita kaunta yangu asubuhi, anaweka kidole juu ya lundo, anakisia.

"Hizi ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Na zangu?"

"Kumi na moja, mwalimu."

"Unamtolea arobaini kwa mashine ile ile inayotoa zangu?"

"Ninayo moja tu. Lakini mwalimu, hebu angalia, ukurasa wa pili ameandika—"

"Sitaki kujua ukurasa wa pili wala wa tatu." Na alikuwa ameshanigeuzia mgongo.

Shamimu alimpigia simu, hakupokea. Sikukuu ya Idi alimtumia bakuli la pilau. Mwalimu akalileta kwangu likiwa bado limefunikwa. "Kula wewe, Mama Raphael. Tumbo langu si zuri." Jioni akapitisha kichwa mlangoni. "Chumvi ilitosha?" Nikamwambia ilitosha, na nyama ilikuwa laini. Akasimama pale kidogo kama aliyetegemea jibu jingine.

Wanafunzi wake wakapungua. Kufikia mwaka huu alibaki na wanne, na kati yao aliyekuwa na shida kubwa ni Brightness, binti wa muuza samaki wa Mtera. Ilikuwa sapu yake ya mwisho, na somo lenyewe ni lile lile lililomwondoa Mwalimu chuoni. Wiki mbili zilibaki. Akifeli, anarudi Mtera bila cheti.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Siku moja umeme ulikatika nikiwa nimetandaza mezani kurasa za Mwalimu na kurasa za Shamimu, zote za somo hilo. Uliporudi nilibana haraka kwa sababu watu walikuwa wanangoja. Ukurasa wa kumi na nne wa Shamimu ukaingia kwenye kitabu cha Brightness.

Kesho yake nikasikia sauti ya Brightness ng'ambo ya ukuta. "Mwalimu, samahani. Nataka kuonyesha kwamba tatizo jipya halitatuliki. Ukurasa wa kumi na tatu unasema nilichukue lile jipya, niligeuze kuwa lile la zamani tunalojua halitatuliki. Mshale unatoka jipya kwenda zamani."

"Ndiyo."

"Ukurasa wa kumi na nne unasema mshale unatoka zamani kwenda jipya."

"Lete hapa." Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Huu si ukurasa wangu. Umeanza kwenda Majengo?"

"Sijakanyaga, mwalimu, haki ya Mungu."

"Mwandiko wa mashine yake naujua. Mbona hukusema tu kwamba Mzee Sema Kwanza amechakaa?"

"Mwalimu, mimi nauliza mshale tu. Kwenye jaribio langu walipiga mstari mwekundu hapo hapo."

"Nenda kwake basi, na mshale wake!"

Brightness alipita mbele ya kaunta yangu akifuta macho kwa ukingo wa mtandio. Nilikwenda kwa Mwalimu kukiri kwamba mimi ndiye niliyechanganya kurasa.

"Kuchanganya ni jambo dogo," akasema bila kunitazama. "Kosa ni la yule anayewafundisha watu kinyume."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona kitu. Kwa miaka tisa wanafunzi wake walifaulu, ila kila mwaka walilalamika kwamba swali moja liliwakata alama, na kila mwaka yeye alisema wasahihishaji ni wakali. Nililaza vitabu viwili ubavu kwa ubavu. Kila kitu kilifanana isipokuwa uelekeo wa mshale. Mmoja wao alikuwa amekosea, na wa kuumia alikuwa Brightness.

Jumamosi nikaenda Majengo. Mzee Mbwana alinikaribisha, nikapanda ngazi, nikamngoja Shamimu amalize darasa.

"Shikamoo, Mama Raphael. Mwalimu mzima?"

"Marahaba. Mzima. Nataka unieleze mshale, kwa lugha yangu mimi."

Akanivuta dirishani. Chini wapagazi walikuwa wanashusha mtama kutoka kwenye lori. "Tuseme kuna gunia la zamani ambalo mji mzima unajua hakuna mtu aliyewahi kuliinua. Nakuletea gunia jipya, nataka kukuthibitishia kuwa nalo haliinuliki. Nikuambie nini? Nikuambie: atakayeweza kuinua hili jipya, basi ataweza kuinua na lile la zamani. Hapo utakubali. Lakini nikikuambia: atakayeweza lile la zamani ataweza na hili, nimekuambia nini?"

Nikawatazama wale wapagazi. Kisha nikaona. "Hujaniambia chochote."

"Eeh. Ndio mshale."

"Kwa hiyo Mwalimu..."

Akainamisha kichwa. "Niliona tangu mwaka ule alionifundisha. Nilishindwa kumwambia. Ningeanzaje, mimi niliyeokolewa naye? Nilipoanza Jumamosi hizi nilifundisha ukurasa huo mmoja tu, kwa wanafunzi wake walioniomba. Mengine walinisukumia wenyewe."

"Ungemwambia."

"Hapokei simu, Mama Raphael."

Jumatatu asubuhi niliingia chumbani kwa Mwalimu kabla wanafunzi hawajafika. Nilikuwa sijawahi kumwuliza swali la hesabu, naye alishangaa.

"Nieleze mshale wako," nikamwambia.

Akachukua chaki.

"Weka chini, mwalimu. Sema kwanza."

Alinitazama kwa muda. Akaiweka. Nikampa magunia mawili, la zamani na jipya, kama nilivyopewa. Nikamwomba anithibitishie kwamba jipya haliinuliki, akifuata mshale wake.

"Rahisi," akasema. "Mtu angeweza kuinua lile la zamani, angeweza kuinua na hili jipya. Kwa hiyo hili jipya..." Akanyamaza. Akaanza tena, polepole. "Angeweza lile la zamani, angeweza na hili. Angeweza na debe. Angeweza na paketi ya chumvi."

Akakaa kwenye benchi la wanafunzi. Nje mtu alikuwa anafagia. Mwalimu alitazama ubao, ambapo mshale wake ulikuwa bado umechorwa, na mimi nilijua haangalii mwaka huu. Anaangalia ile karatasi yake ya mtihani yenye mstari mwekundu.

"Hakunichukia, basi," akasema.

Nikaisogeza ile chaki kando.

"Magunia umeyapata wapi?"

"Ni ya Shamimu."

Akafumba macho. "Ningependa yangekuwa ya mtu mwingine yeyote."

Nilidhani atafunga chumba siku ile. Badala yake akachukua kitambaa, akafuta ubao wote, pamoja na sehemu zilizokuwa sahihi, akaniomba nimpigie Brightness.

Alimwambia binti yule mbele yangu: "Nilikufundisha kinyume. Siku zilizobaki ni chache, na mimi mwenyewe mshale huu nimeuona leo asubuhi. Anayeujua yuko Majengo. Twende."

"Na wewe, mwalimu?"

"Nikupeleke tu. Mimi sipandi ngazi."

Na kweli hakupanda. Shamimu aliomba ruhusa kazini, akamfundisha Brightness jioni nne mfululizo, na jioni zote nne Mwalimu alikaa chini ghalani, juu ya magunia ya alizeti, sikio kalielekeza kwenye mbao za dari. Mzee Mbwana ndiye aliyenisimulia. Kila Shamimu alipoeleza jambo, Mwalimu alitikisa kichwa au kukunja uso. Jioni ya kwanza sauti ya Shamimu ilipotoka juu, "Sema kwanza, Brightness," Mwalimu alimgeukia mwenye ghala.

"Hilo ni langu."

"Na mtoto ni wangu," Mzee Mbwana akamjibu. "Tugawane, mwalimu."

Alikataa kucheka, lakini chai aliinywa. Jioni ya mwisho Shamimu alishuka akamkuta anavaa kofia. "Shikamoo, mwalimu." Alikawia kujibu, mpaka Mzee Mbwana akaacha kushona gunia. "Marahaba," akasema. "Umeeleza vizuri. Ila unasema haraka mno."

Brightness alipata B. Alileta kambale wakavu wawili kutoka Mtera, mmoja wa Mwalimu na mmoja wa Shamimu, na Mwalimu aliwashika wote wawili mikononi akilinganisha kabla ya kuchagua wake.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuja kwenye kaunta na ukurasa wake wa kumi na tatu, ameuandika upya kwa mkono. Mshale ulikuwa umegeuka. Chini kabisa aliongeza: *Mfano wa magunia ni wa Shamimu Mbwana.* Nikauchapa, akausoma mara mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:

"Ule ukurasa wake wa pili. Ulikuwa unasema nini?"

Nilivuta kitabu kimoja kutoka kwenye lundo, toleo la kwanza kabisa, nililolihifadhi tangu mwaka juzi. Nikakifungua, nikamwekea mbele. Chini ya swali la mazizi matano paliandikwa: *Mbuzi hawa ni wa Mwalimu Yotham Ndahani, pamoja na neno "sema kwanza".*

Mwalimu alivaa miwani. Akasoma, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akasoma tena.

"Ameandika kwa herufi ndogo sana," akasema.

Kisha akaniomba nimtolee kopi ya ukurasa ule.